Sababu, Udhuru na Kisingizio: Asili ya Uhalifu katika Hadithi za Kiswahili na katika Kazi ya Mwangalizi

Kiswahili kina majina manne kwa jambo moja linalofanywa na mahakama za Afrika Mashariki, nalo ni kumwacha mtu aliyetiwa hatiani arudi kwao badala ya kwenda gerezani, kwa sharti kwamba kwa muda uliowekwa atakuwa chini ya macho ya ofisa wa serikali. Watu wengi huliita kifungo cha nje. Magazeti ya Kenya huandika urekebishaji tabia. Tanzania imelichukua neno uangalizi, na pamoja nalo probesheni, ambalo ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Kwa mtazamo wa haraka haya ni majina tu, na msanifu wa istilahi angeridhika kuchagua moja na kuyaacha mengine. Walakini kila moja limebeba fikira yake juu ya asili ya uhalifu. Asemaye kifungo cha nje haulizi asili hata kidogo. Kwake adhabu ni ile ile, ila kuta zimeondolewa. Asemaye urekebishaji tabia amekwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa: kilichoharibika ni tabia, na tabia, kama chimbuko lake la Kiarabu lionyeshavyo, ni umbile, chapa aliyopigwa mtu. Asemaye uangalizi ametumia neno lenye nyuso mbili, maana kuangalia ni kutazama kwa hadhari kama askari amtazamavyo mtuhumiwa, na pia ni kutunza, kama mlezi amwangaliavyo mtoto. Ama probesheni halimwambii kitu mtu asiyejua Kiingereza, na yamkini ndiyo sababu maofisa hulipenda.

Jambo lenyewe lilianza kabla ya sheria. Katika mwaka wa 1841 John Augustus, mshona viatu wa mji wa Boston katika Marekani, alisimama mahakamani kumdhamini mlevi mmoja, na baada ya majuma matatu akamrudisha mbele ya hakimu akiwa ameacha pombe. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1907 iliifanya kazi hiyo kuwa ya ofisa, ikamwagiza mambo matatu: amshauri mtu wake, amsaidie, amfanye rafiki. (Hilo la tatu halimo katika jina lolote kati ya yale manne.) Kenya ilitunga sheria yake katika mwaka wa 1943 na huduma ikaanza mwaka wa 1946. Sheria hiyo humtaka hakimu atazame ujana wa mkosaji, mwenendo wake, yaliyomtangulia, hali ya nyumbani kwake, afya yake na akili yake. Na ikiwa ataridhika, aweza kumweka chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Hakimu hana nafasi ya kuyapeleleza hayo yote mwenyewe. Ofisa huenda mtaani au kijijini, huketi na mama mzazi, na mwajiri, na mzee wa mtaa, kisha huandika taarifa. Karatasi mbili tatu hizo zaweza kuamua kama kijana aliyesimama kizimbani atalala kwao usiku ule au atalala mahabusu.

Taarifa hiyo ni hadithi fupi. Ina mhusika, ina kwao, ina tukio, na juu ya yote inatakiwa itoe sababu. Mwandishi wake amesoma elimu ya jamii na nadharia za uhalifu chuoni. Lakini kabla ya chuo alikuwa mwanafunzi wa shule, na namna ya kusimulia kuanguka kwa binadamu alijifunza mapema zaidi, katika vitabu vya hadithi alivyopewa na mwalimu wa Kiswahili. Kwa hiyo kuuliza hadithi za Kiswahili zimefundisha nini juu ya asili ya uhalifu si pambo la wahakiki. Ni kuuliza kalamu ya ofisa ilichongwa wapi.

Hadithi za upelelezi zaweza kupitwa upesi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58 na kupigwa chapa mwaka wa 1960, kilimleta duniani Bwana Msa na kiko chake, na kikawafundisha wasomaji raha ya kufikiri kwa utaratibu. Swali la Bwana Msa ni nani aliyefanya. Sababu kwake ni ufunguo wa kumfikia mtu. Mtu akipatikana, ufunguo huwekwa juu ya meza na kitabu hufungwa. Si kosa la mtungaji, ndivyo fani yenyewe ilivyo. Lakini kazi ya mwangalizi huanzia mahali Bwana Msa anapoagana na wenyeji wake.

Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka wa 1952, kinadai kusomwa polepole zaidi kuliko ilivyo desturi. Wahakiki wamezoea kukiweka katika rafu ya mawaidha, na mawaidha yamo tele. Hata hivyo ndicho kitabu cha nathari ya Kiswahili kilichokaribia mapema mno lile tatizo linalomkabili mwangalizi kila siku. Adili, Hasidi na Mwivu ni watoto wa baba mmoja, wamelelewa nyumba moja, wamerithi mali ya mtu mmoja. Mmoja anakuwa mwema na wawili wanamtupa baharini. Kila ofisa aliyepata kukaa katika sebule ya mzazi ameliona jambo hili: kaka fundi cherehani, mdogo wake mwizi, na picha zao zimetundikwa ukuta mmoja. Nadharia ya malezi inakwama hapo, na nadharia ya umaskini nayo inakwama. Shaaban Robert alilikata fundo kwa majina. Hasidi ni hasidi kwa kuwa ndiye Hasidi, na Mwivu vivyo hivyo; sababu imekwisha kutajwa siku ya kuzaliwa, na jina limekuwa hukumu.

Kama kitabu kingekoma hapo, kingekuwa ni mfano mtupu wa ile fikira ya urekebishaji tabia. Lakini yapo mambo mawili yanayokiinua. La kwanza ni adhabu. Ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili ameamriwa awapige kila usiku. Naye hupiga huku moyo wake ukisikitika. Haiwezekani kupata sura iliyo wazi kuliko hii ya mtu aliyewekwa kati ya amri na undugu. Lile neno uangalizi lenye nyuso mbili limepewa mwili katika kitabu hiki miaka mingi kabla halijaandikwa juu ya mlango wa ofisi. Na mtungaji haonyeshi kwamba kipigo kiliwatengeneza manyani hao. Usiku hufuatana na usiku, na manyani hubaki manyani. Kinachoanza kuwafungua ni kusimuliwa kwa hadithi yote mbele ya mfalme Rai.

La pili ni mwisho. Kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hao waligeuzwa mbwa, wakasamehewa, wakarudia hila yao juu ya ndugu yao, wakaishia kuuawa. Shaaban Robert aliuchukua mwili wa kisa na kuukataa mwisho wake. Kwake ndugu wanarudishiwa ubinadamu na wanatubu. Msomaji wa leo aweza kuona kwamba toba hiyo imekuja kwa wepesi, na kweli imekuja kwa wepesi. Lakini kule kukataa si jambo dogo. Mtu aliyewapa wahusika wake majina ya kudumu kama chapa, yeye yule ndiye aliyekubali kwamba aitwaye Hasidi aweza kuacha husuda. Kitabu kinapingana na majina yake chenyewe, na upinzani huo una thamani kuliko mawaidha yake mengine.

Upungufu wake uko mahali pengine. Manyani hawasemi. Habari yote ya kosa, tangu safari hata bahari, inasimuliwa na aliyekosewa. Hasidi na Mwivu hawapewi nafasi ya kueleza walifikiri nini usiku ule, na wanapopewa ulimi tena, hutumia kwa kutubu. Jambo hili lingeweza kusamehewa katika ngano, lakini limekuwa urithi. Katika nathari nyingi ya Kiswahili iliyofuata, mkosaji husimuliwa.

Baada ya Uhuru kalamu zilielekea upande wa pili. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika cha mwaka 1971, aliuvunja mlango uliokuwa umefungwa kwa heshima nyingi. Rosa hakuzaliwa na jina la kosa. Amepewa jina la Bikira Maria. Mtungaji anarudi nyuma hatua kwa hatua: baba mlevi aitwaye Zakaria, kipigo kwa ajili ya barua ya mvulana, msichana aliyezuiliwa kila neno la kiume, kisha shule ya bweni ambako kizuizi kimeondoka ghafla na mwenye kizuizi hakumfundisha kitu cha kuweka mahali pake. Kitabu kilikatazwa shuleni kwa muda, na waliokikataza walikielewa kuliko walivyokiri, kwa kuwa kilihamisha hatia kutoka kwa binti hata kwa mzee wa nyumba. Hapa kwa mara ya kwanza riwaya ya Kiswahili ilifanya kazi ya yaliyomtangulia mtu kwa ukamilifu.

Ila mnyororo ule umekazwa mno. Kila pete imeshika nyingine hata Rosa hana nafasi ya kuvuta pumzi kati ya sababu na tokeo, na mnyororo unapofika mwisho anajiua. Ndipo mtungaji anapoipeleka kesi katika baraza la Mungu, binti na baba wakikabiliana baada ya kufa. Yafaa mhakiki asimame hapa. Kwa nini swali la nani mwenye hatia, na kwa kiasi gani, limengoja hata wahusika wote wawili wawe wafu? Uadilifu wa baraza lile haumsaidii Rosa kitu. Katika Dunia Uwanja wa Fujo cha mwaka 1975 hali ni ile ile kwa upana zaidi. Kijana aitwaye Tumaini amerithi mali, ameitapanya, ameipata tena kwa jasho, kisha siasa ya Ujamaa inamfikia yeye na mali yake. Anamwua kiongozi wa serikali, na mwisho wake ni kitanzi. Jina lake ni kejeli, kinyume kabisa cha jina la Hasidi. Sababu haimo tena ndani ya mtu; imo katika dunia, na dunia, kama anwani isemavyo, ni uwanja ambao kila aingiaye huongeza fujo.

Hapana mhakiki atakayekana kwamba Kezilahabi aliona mbali. Lakini fikira ya kwamba dunia ndiyo chanzo ina kasoro moja na fikira ya kwamba tabia ndiyo chanzo, ingawa zinatukanana. Zote mbili humwacha mwangalizi mikono mitupu siku ya Jumatatu asubuhi, mtu wake anapobisha hodi kuja kutia sahihi. Ikiwa ni tabia, aliyekuja ni yule yule na atabaki yule yule. Ikiwa ni dunia, ofisa hawezi kuibadili dunia kabla ya saa sita. Wanachuoni wa Canada Andrews na Bonta, ambao nadharia yao ya mwaka 1990 imeongoza idara nyingi za uangalizi, walizitenga sababu zisizobadilika, kama vile umri ambao mtu alikosa mara ya kwanza, na sababu zinazoweza kubadilika, kama vile ulevi, marafiki, ukosefu wa kazi, na namna mtu anavyowaza juu ya sheria. Sababu za namna ya kwanza humwambia ofisa awe na hadhari kiasi gani. Za namna ya pili ndizo kazi yake. Riwaya ya Kiswahili imekuwa tajiri sana kwa zile za kwanza.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka wa 1980 na kusomwa na vijana wengi wa shule, ni tofauti yenye maana, ijapokuwa sifa yake kwa kawaida hutolewa kwa mambo mengine. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu wa siasa na mali. Anatoroka, anaangukia katika danguro la Mama Jeni, ulevi unamshika, na sheria za zamani zingemwita mzururaji. Mpaka hapo ni njia aliyoipita Rosa. Lakini Maimuna hafi. Anarudi, anapokewa na Bi Farashuu, anauguzwa, anaolewa na Kabi. Na huyo Bi Farashuu ni nani? Ni mkunga yule yule aliyeshiriki kumtoa nyumbani kwao, kwa kisasi cha mwanawe Mwanasururu ambaye Maksuudi alimwoa na kumdhulumu. Mlezi wa Maimuna katika kurudi kwake ni mtu mwenye deni katika kuanguka kwake. Mtungaji hakuficha jambo hili wala hakulitengeneza likawa laini. Mwangalizi katika Utengano hana mikono safi, hana ofisi, hana faili. Ana chumba, ana chakula, ana dawa, na ana hatia yake mwenyewe inayomzuia asimtazame Maimuna kwa dharau.

Malalamiko ya mhakiki ni juu ya mizani ya kitabu. Kuanguka kwa Maimuna kumeandikwa kwa vituo vingi, kila kituo na harufu yake na watu wake. Kurudi kwake kumeandikwa kwa haraka, kama kwamba mtu akiisha kuamua kurudi njia hujifupisha yenyewe. Siku za kutetemeka kwa kukosa pombe, aibu ya kupita sokoni mara ya kwanza, jirani anayeliita jina la zamani kwa makusudi, usiku ambao alikaribia kuondoka tena na hakuondoka: hayo ndiyo ambayo msomaji angehitaji kuonyeshwa, na mtungaji mwenye uwezo wa Said Ahmed Mohamed angeweza kuyaonyesha.

Sasa yafaa kurudi kwenye karatasi ya ofisa, maana hapo ndipo urithi huu unapoonekana. Maneno yanayozoeleka katika habari za mahakamani ni mawili: ya kwamba kijana alijiunga na makundi mabaya, na ya kwamba shetani alimpitia. La kwanza ni la ofisa na wazazi. La pili ni la kijana mwenyewe.

Makundi mabaya si uongo. Edwin Sutherland wa Marekani aliijenga nadharia nzima juu ya wazo hilo tangu mwaka wa 1939: uhalifu hufunzwa, kama ufundi wowote, na hufunzwa na watu wa karibu, pamoja na mbinu zake na hoja za kujihalalishia. Lakini Sutherland hakuishia kusema kundi ni baya. Alitaka ipimwe idadi ya mara mtu anakutana nao, muda wa kukaa nao, umri aliokuwa nao walipoanza, na nguvu ya heshima anayowapa. Taarifa inayosema makundi mabaya na kunyamaza imefanya kwa kundi kile alichofanya Shaaban Robert kwa Hasidi: imelipa jina likawa sababu. Nani katika kundi? Ni binamu, ambaye hawezi kuepukwa kwenye matanga, au ni mtu wa kituo cha mabasi aliyejuana naye mwezi uliopita? Majibu mawili hayo yanahitaji uangalizi wa namna mbili.

Ama shetani alinipitia, na ndugu zake: nilijikuta, mambo yalinishinda, hasira zilinipanda, kisu kikamwingia. Mwaka wa 1957 Gresham Sykes na David Matza walieleza njia tano ambazo mkosaji huzitumia kuipunguzia nafsi yake uzito wa kosa, na ya kwanza ni kukana kwamba yeye ndiye aliyetenda kwa hiari. Ofisa aliyesoma nadharia hiyo husikia kisu kikamwingia na mara moja huandika kwamba mtu huyu hajakubali kosa lake. Hapa mwanaisimu ana neno la kusema, nalo si dogo. Kiswahili huiweka hali kuwa mtenda hata pale pasipo kosa lolote la kufichwa. Usingizi humchukua mtu, njaa humwuma, baridi humshika, furaha humjaa, safari humshinda. Mtoto husema kikombe kimevunjika, na mama yake, aliyekiangusha mwenyewe jana, husema vivyo hivyo. Sarufi hiyo ni mali ya wote, wema na waovu. Kumhukumu mtu kwayo ni kumhukumu kwa kuwa anasema lugha yake vizuri.

Neno nilijikuta lastahili kutazamwa peke yake. Ni kitenzi cha kukuta chenye kiambishi cha kujirejea, na ndani yake mtu amegawanyika: mmoja ametenda, na mwingine amewasili baadaye akamkuta wa kwanza amekwisha tenda. Aweza kulisema mwongo. Aweza pia kulisema mtu anayeeleza kwa usahihi jinsi mambo yalivyokuwa kwake, hasa kama pombe au woga ulikuwapo. Neno lenyewe halitoi ushahidi upande wowote.

Lugha imewapa watumiaji wake njia ya kupambanua, kama wangeitumia. Yako maneno matatu: sababu, udhuru, kisingizio. Sababu katika Kiarabu cha zamani ilikuwa kamba, kitu kiungacho kimoja na kingine. Udhuru ni sababu inayopokewa na asikilizaye. Bila ya msikilizaji hakuna udhuru. Kisingizio ni mzigo wa mtu uliotwikwa kichwa kisicho chake. Jambo moja laweza kuwa yote matatu. Mtu aliiba kwa kuwa nyumbani hakukuwa na chakula: njaa ni kamba iliyomvuta, hiyo ni sababu, hakimu akiikubali imekuwa udhuru, na akiendelea kuitaja mwaka wa pili, hali ana kazi na mshahara, imekuwa kisingizio. Tofauti haimo katika njaa. Imo katika kile kinachofanywa na njaa ile baada ya kutajwa.

Utafiti wa Shadd Maruna uliofanywa katika mji wa Liverpool na kuchapishwa mwaka wa 2001 unalitia nguvu jambo hili kwa namna ambayo huwashangaza mahakimu. Maruna alisikiliza hadithi za maisha ya watu walioacha uhalifu na za watu waliokuwa bado wanaendelea. Mtu angetazamia kwamba walioacha ndio wanaojilaumu kuliko wenzao. Haikuwa hivyo. Walioacha walisema kwamba ndani yao walikuwa watu wema tangu mwanzo, na kwamba yaliyotokea yalitokana na mazingira. Wanaoendelea ndio walioamini kwamba wameandikiwa, hawana njia. Kwa maneno mengine, aliyepona husema jambo lililo jirani sana na shetani alinipitia, na aliyekata tamaa husema mimi ndivyo nilivyo. Anayesema mimi ndivyo nilivyo ndiye anayesikika kizimbani kama aliyekubali kosa. Amejiita Hasidi kwa kinywa chake, na taarifa humsifu kwa ukweli wake.

Tofauti ya hadithi hizo, aliiona Maruna, iko katika nusu ya pili: aliyeacha huwa mtendaji wa yale yajayo. Msikilizaji wa Kiswahili aweza kuifuata tofauti hiyo katika viambishi. Mtu asemapo mambo yalinishinda, shetani akanipitia, nikajikuta korti, kisha akanyamaza, hadithi imekoma mikononi mwa wengine. Asemapo mambo yalinishinda, nikajikuta korti, nikamwendea yule bwana, nikamwambia baiskeli yake nimeiuza, nikaanza kumlipa kidogo kidogo, basi kiambishi kimebadilika kazi katikati ya njia, na mwangalizi mwenye masikio atakuwa amesikia jambo ambalo halimo katika fomu yoyote. Kwa hiyo swali la kwa nini, ambalo maofisa hulianza mazungumzo nalo, huenda lisiwe bora kuliko swali la kisha. Kwa nini huita udhuru. Kisha huita masimulizi.

Katika Tanzania jambo hili limekuwa zito zaidi tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Zamani maneno ya mkosaji yalifika kwa hakimu yakiwa yamevuliwa nguo zao na kuvishwa za Kiingereza, na mengi yalipotea njiani. Nchini Kenya mengi yangali yakipita njia hiyo. Ofisa aandikaye kwa Kiswahili aweza sasa kuyaweka maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani mwake. Lakini anapoyaweka hana budi kuchagua kitenzi cha kuyatangulizia, na kitenzi kinachopendwa na maandishi ya mahakama ni kudai. Alidai kwamba alikuwa na njaa. Alidai kwamba ameanza kulipa. Kwa neno hilo moja mtu amekwisha kuwekwa katika daraja la waongo kabla hakimu hajageuza ukurasa. Alisema lingetosha; na pale ofisa alipokwenda mwenyewe kwa mwenye baiskeli akaambiwa kwamba kweli fedha zimeanza kulipwa, hata alisema halihitajiki: aandike kwamba analipa.